Je, Wajua? Maji Safi ya Bomba Huweza Kumuua Samaki wa Tangini

Klorini ile ile inayotukinga na kipindupindu humuunguza samaki matamvua. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafikapo bombani yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Sisi twanywa bila shida; samaki huyapumua maji hayo mchana kutwa, usiku kucha. Ukiona anahema juu juu, mdomo usoni pa maji, mara tu baada ya kumbadilishia maji, mshuku bomba kabla ya kumshuku muuza samaki.

Dawa ya kienyeji ni ndoo. Kinga maji leo, yaache wazi hadi kesho, ukiyakoroga mara moja moja. Klorini huruka hewani. Kwenye kloramini hila hiyo haifui dafu. Hiyo ni klorini iliyofungwa pamoja na amonia, na baadhi ya miji, hasa Marekani, huitumia kwa sababu haitoroki upesi.

Hapo ndipo huingia sodiamu thiosalfeti, chumvi ambayo wapiga picha wa zamani waliitumia kusafishia filamu. Huiua klorini mara moja. Ila ikivunja kloramini, amonia hubaki majini, nayo ni sumu pia, kwa hiyo hutakiwa dawa inayoifunga na hiyo.

Badilisha robo ya maji tu, yenye joto sawa na ya tangini. Na chujio usilioshe bombani: bakteria wanaokula amonia wanaishi humo, na klorini haiwaulizi ni wema au wabaya.