Nani bingwa wa mabingwa? Kwa nini orodha za mabondia wa uzani mzito hazilingani

NI mjadala usioisha. Pindi jina la Muhammad Ali linapotajwa mbele ya wapenzi wa ndondi, iwe ni Nairobi, Kisumu au Endarasha katika nyanda za baridi za Kieni, Kaunti ya Nyeri, hakosekani wa kumtaja Mike Tyson, na mwingine, aghalabu mwenye mvi, wa kumtaja Joe Louis. Kila mmoja huwa na takwimu zake, na kila mmoja huondoka akiamini kuwa ndiye aliyeshinda.

Kinachokosewa si hesabu bali kipimo. Mkulima wa viazi wa Endarasha anaweza kulielewa jambo hili kuliko wachanganuzi wengi wa michezo. Kwa miaka mingi viazi vimenunuliwa kwa gunia, ilhali gunia la lumbesa hubeba kupita kiasi na bei ikabaki ile ile. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko ili mfuko mmoja ulingane na mwingine. Katika ndondi hakuna kanuni ya namna hiyo. Ushindi mmoja huhesabiwa mmoja, awe aliyeangushwa ni simba au ni mtu aliyetafutwa ili kuujaza ukumbi.

Mfano mwema ni Rocky Marciano. Alistaafu mwaka 1956 akiwa amepigana mara 49 na kushinda zote, 43 kati ya hizo kwa nokauti. Kwa kipimo cha kutoshindwa, hana mpinzani, na wapo wanaomweka nambari moja kwa sababu hiyo pekee. Lakini Louis aliyemwangusha mwaka 1951 alikuwa na umri wa miaka 37 na alikuwa amerejea ulingoni kwa ajili ya madeni ya kodi. Jersey Joe Walcott, aliyempokonya taji mwaka 1952, alikuwa na miaka 38. Zaidi ya hayo, Marciano alikuwa na uzani wa takribani kilo 84. Leo asingeitwa bondia wa uzani mzito kamwe. Angepelekwa katika uzani wa kruza, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambao kikomo chake sasa ni kilo 90.7. Hayo si makosa yake. Ni ushahidi tu kwamba neno “uzani mzito” halijamaanisha kitu kimoja katika nyakati zote.

Hata urefu wa pigano umebadilika. Jack Johnson alipoteza taji lake jijini Havana mwaka 1915 katika raundi ya 26. Ali na Joe Frazier walipangiwa raundi 15. Mabingwa wa leo hupigana raundi 12, mageuzi yaliyoanza mwaka 1983 baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufariki kutokana na majeraha ya pigano la Novemba 1982. Ni vigumu, basi, kumpima aliyeandaliwa kwa mbio ndefu dhidi ya aliyeandaliwa kwa mbio fupi.

Kuna kasoro nyingine katika orodha hizi, nayo ni kubwa kuliko zote: wapo ambao hawakuruhusiwa kuingia. John L. Sullivan, bingwa wa enzi ya makonde makavu, alikataa waziwazi kupigana na mtu mweusi. Kwa hiyo Peter Jackson, aliyekuwa tishio kwa kila mzungu wa wakati wake, hakupata kulipigania taji la dunia. Mwaka 1891 Jackson alikabiliana na James J. Corbett jijini San Francisco kwa raundi 61 bila mshindi kupatikana. Mwaka uliofuata Corbett, si Jackson, ndiye aliyepewa nafasi dhidi ya Sullivan, na ndiye anayeonekana katika kumbukumbu za mabingwa. (Wakazi wa Nyeri wasichanganye majina: Jim Corbett aliyezikwa mjini humo mwaka 1955, karibu na kaburi la Baden-Powell, ni yule mwindaji wa simbamarara wa India, wala hakuwahi kuvaa glavu za ubingwa.)

Johnson aliuvunja ukuta huo jijini Sydney mnamo Desemba 26, 1908 alipombwaga Tommy Burns. Lakini alipopoteza taji, mlango ulifungwa tena. Jack Dempsey alikuwa bingwa kuanzia 1919 hadi 1926 bila kumpa nafasi Harry Wills, mtu mweusi aliyekuwa akimwandama kwa miaka. Anayemweka Dempsey katika tano bora hana budi kueleza anamweka wapi mtu ambaye Dempsey hakupigana naye.

Ni kwa sababu hiyo Joe Louis anastahili heshima ya pekee. Alitwaa taji mwaka 1937 na kulitetea mara 25 kabla ya kuliacha mwaka 1949, rekodi ambayo haijavunjwa katika uzani mzito. Mnamo Juni 22, 1938 alimmaliza Max Schmeling wa Ujerumani katika raundi ya kwanza, akilipa kisasi cha kipigo cha mwaka 1936. Wakosoaji husema baadhi ya wapinzani wake walikuwa dhaifu, na ni kweli. Katika mapigano 25 mtu hukosi lumbesa kadhaa. Hata hivyo, yeyote aliyestahili kupigana naye alipigana naye.

Ali ana utetezi mchache kuliko Louis na ameshindwa mara 5 katika mapigano 61. Lakini tazama aliowashinda: Sonny Liston, Floyd Patterson, Ken Norton, Frazier mara mbili na George Foreman. Hakuna bingwa mwingine aliyepita katika msitu wenye chui wengi kiasi hicho. Tena alinyimwa leseni ya kupigana tangu 1967 hadi 1970 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, yaani kuanzia umri wa miaka 25 hadi 28, wakati bondia huwa katika ubora wake. Aliporejea hakuwa tena na miguu ile ya kucheza ulingo mzima. Usiku wa Oktoba 30, 1974 mjini Kinshasa, akiwa na miaka 32, alijiegemeza kwenye kamba, akamwacha Foreman ajichoshe kwa kurusha makonde, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Foreman hakuwa mpinzani wa kuokotwa: Frazier na Norton, waliokuwa wamempiga Ali, aliwamaliza kila mmoja kabla ya raundi ya tatu. Kwa kipimo cha ubora wa walioshindwa, Ali ni wa kwanza na Louis wa pili.

Kuanzia nafasi ya tatu ugomvi ni halali. Larry Holmes alitetea taji mara 20. Foreman alilirejesha mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Lennox Lewis alishindwa na watu wawili tu, na wote wawili aliwalipiza. Oleksandr Usyk wa Ukraine, aliyetokea uzani wa kruza, aliunganisha mataji yote mwaka 2024 kwa kumshinda Tyson Fury aliye mkubwa kuliko yeye. Tyson mwenyewe, bingwa akiwa na miaka 20 mwaka 1986, hupandishwa mno na kumbukumbu za televisheni. Alipokutana na Evander Holyfield na Lewis hakumshinda yeyote kati yao.

Mbona hakuna jina la Afrika Mashariki? Jawabu la haraka ni kwamba kanda hii haijatoa bingwa wa dunia wa uzani mzito wa kulipwa. Jawabu hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa kuwa orodha hizo huhesabu mataji ya kulipwa pekee. Ndiyo maana hata Teófilo Stevenson wa Cuba, bingwa wa Olimpiki wa 1972, 1976 na 1980 aliyekataa kuwa bondia wa kulipwa, huachwa nje.

Kwa kipimo cha ridhaa, uzani mzito wa kanda hii una historia ya kujivunia. George Oywello wa Uganda alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola jijini Perth mwaka 1962, na mwenzake Benson Masanda akafanya hivyo Edinburgh mwaka 1970. Kisha ikawa zamu ya Kenya: George Onyango jijini Auckland mwaka 1990 na Omar Ahmed jijini Victoria mwaka 1994. Ni wangapi kati ya wanaobishana kuhusu Tyson na Holyfield wanaoweza kuyataja majina hayo?

Yalizama kwa sababu mbili. Kwanza, sifa za ndondi za Kenya zilijengwa na wanaume wepesi: Philip Waruinge, aliyeshinda shaba ya Olimpiki mwaka 1968 na fedha mwaka 1972 katika uzani wa unyoya, Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 katika uzani wa kilo 48, na Robert Wangila, ambaye dhahabu yake ya Seoul mwaka 1988 ndiyo ya pekee ya Kenya katika ndondi za Olimpiki. Pili, soko la kulipwa lilikuwa ng’ambo, na halikuwa salama. Wangila alifariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na majeraha ya ulingoni, mwaka ule ule Ahmed aliponyakua dhahabu yake.

Siasa nazo zilichangia. Kenya, Uganda na Tanzania ziligomea Olimpiki za Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand wa raga na utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi zisusie michezo ya Moscow. Dar es Salaam Rais Julius Nyerere hakukubali kumwona. Nairobi alipokewa vizuri, kwani serikali ya Rais Daniel arap Moi iliunga mkono mgomo. Tanzania ilikwenda Moscow na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha za riadha. Uganda ilikwenda, na John Mugabi akashinda fedha ya ndondi. Muchoki, bingwa wa dunia, alibaki nyumbani.