Mchungaji na mtu wa mshahara: Injili ikisomwa Loitokitok

WAKRISTO wengi wanaifahamu sura ya 10 ya Injili ya Yohana. Mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, ilhali mtu wa mshahara akimwona mbwa-mwitu, huyoo, ametimua mbio! Zamani pale Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, mfano huu haukuhitaji mahubiri marefu. Aghalabu waliochunga walikuwa watoto na vijana wa boma, na mifugo ilikuwa yao.

Siku hizi mambo yamegeuka. Elimu ya msingi katika shule za umma ilifanywa kuwa bila malipo mwaka wa 2003, na Katiba ya 2010 ikaifanya kuwa haki ya kila mtoto na ya lazima. Watoto wengi ambao wangekuwa machungani wako darasani. Mwenye ng'ombe naye huenda yuko kazini Kajiado mjini au Kitengela. Mara nyingi anayebaki na fimbo malishoni ni mtu aliyeajiriwa. Hebu mfikirie akiwa kanisani Jumapili, akisikia ati mtu wa mshahara si mchungaji. Je, anatukanwa?

Tuanze na lugha. 'Mtu wa mshahara' ni maneno ya tafsiri ya Kiswahili ya mwaka wa 1952, ambayo ingali inasomwa makanisani. 'Mshahara' asili yake ni Kiarabu, 'shahr', yaani mwezi; ni malipo ya kila mwezi. Lakini neno la Kigiriki, 'misthotos', humhusu yeyote aliyechukuliwa kazi kwa ujira, hata awe kibarua wa siku moja. Kwa masikio ya leo, mtu wa mshahara ni mwalimu, muuguzi, polisi, na pengine hata mhubiri mwenyewe. Tukilishika neno hilo kavukavu, nani atasalia?

Pili, tutazame muktadha. Mfano wa Yohana unarejelea Ezekieli 34, ambapo wachungaji wanaojilisha wenyewe na kuwaacha kondoo watawanyike ni viongozi wa Israeli. Wanaokemewa ni wenye mamlaka, wala si maskini anayetafuta riziki.

Tena yupo Yakobo. Katika Mwanzo 31 anamkumbusha Labani kwamba amemtumikia miaka 20, jua likimchoma mchana na baridi ikimtesa usiku, na mnyama akiraruliwa, hasara ni yake. Ujira wake nao ulibadilishwa mara 10! Yakobo alikuwa mchungaji wa kuajiriwa, na mwaminifu. Basi Biblia yenyewe haikubali kwamba ujira huua uaminifu.

Wapo watakaosema kwamba tunalipinda Neno lifuate nyakati. Sidhani. Kipimo ni kilekile: nani hubaki na kundi hatari inapokuja? Kinachobadilika ni yule tunayemnyoshea kidole. Mwajiri anayemsomea mchungaji wake Yohana 10 kwa sababu mbuzi mmoja ameliwa na fisi, huku mshahara wa miezi miwili hajaulipa, na asome pia Yakobo 5, ambako ujira uliozuiliwa hupiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Halafu ajiulize: kati yao wawili, ni nani aliyelitoroka kundi?