Mwenendo wa Kraniofaringioma: Uvimbe wa Daraja la Chini Wenye Madhara Makubwa

Kwa kawaida, uvimbe huhesabiwa kuwa si saratani pale ambapo seli zake hukua polepole na hazisambai katika viungo vingine. Kigezo hicho hakitoshi kueleza mwenendo wa uvimbe wa ubongo, ambao hukua ndani ya fuvu lisilotanuka. Kraniofaringioma ni mfano bayana. Uvimbe huu adimu, ambao kwa mwaka hugunduliwa kwa watu wasiozidi 2 hivi katika kila milioni moja, hutokana na masalia ya kifuko cha Rathke, yaani tishu za kiinitete zinazounda sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika daraja la 1, lililo la chini kabisa.

Hata hivyo, uvimbe huu hukua jirani na neva za macho, tezi ya pituitari na haipothalamasi. Kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa uwezo wa kuona, mtoto hudumaa kwa kukosa homoni ya ukuaji, na figo huweza kushindwa kuhifadhi maji. Upasuaji wa kuuondoa wote huweza kuijeruhi haipothalamasi na kumwachia mgonjwa njaa isiyokoma na unene wa kupindukia. Ukibakizwa kwa sehemu, huelekea kukua tena, na ndiyo maana mara nyingi mionzi hufuata.

Uainishaji wa mwaka 2021 ulitenganisha aina mbili. Aina ya adamantinomatasi, inayowapata watoto na watu wazima, huambatana na mabadiliko ya jeni ya CTNNB1. Aina ya papilari, inayowapata hasa watu wazima, huambatana na mabadiliko ya jeni ya BRAF. Tofauti hiyo ina uzito katika tiba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wagonjwa 16 wa aina ya papilari walipewa vemurafenibu pamoja na kobimetinibu, dawa zinazozuia njia ya BRAF, na uvimbe ulipungua kwa kiwango kikubwa kwa 15 kati yao. Dawa hizo hazilengi badiliko la CTNNB1. Hivyo, kwa mtoto, upasuaji na mionzi vingali nguzo za tiba.

Hivyo basi, daraja la seli pekee halitabiri hatima ya mgonjwa. Mafanikio ya tiba hayana budi kupimwa kwa miaka ya kuishi, pamoja na uoni, uzito na homoni anazobaki nazo mgonjwa.