Kampuni Ilipoitwa Baba

Shuleni, tamathali za semi hufundishwa kama mapambo. Mwanafunzi huambiwa achomoe sitiari moja na tashbihi mbili katika shairi, aziorodheshe, apewe alama. Akitoka hapo huamini kwamba hizo ni mali ya malenga, wala hazimhusu mtu wa sokoni au wa kiwandani. Historia ya Lubumbashi inakataa. Msomaji wa Makomeno, au wa mtaa mwingine wowote wa mji huu, hana haja ya kufungua diwani ili aione sitiari ikifanya kazi: wazazi na mababu wa wengi waliishi ndani ya sitiari iliyoiita kampuni ya madini "baba".

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilipunguza kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikawaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, ikawapa nyumba, posho ya unga, matibabu na shule. Tashbihi ingesema kampuni ni kama baba, na neno hilo "kama" lingemwachia msikilizaji mwanya wa kuuliza: inafanana naye kwa lipi? Sitiari huuziba mwanya huo. Baba hulisha; lakini baba pia huamua peke yake, huadhibu, na mtoto hapatani naye ujira. Upande wa kwanza ulionekana kila posho ilipogawiwa. Wa pili uliingia pamoja nao bila kubisha hodi.

Mtu atapinga: wafanyakazi walijua fika kwamba kampuni si mzazi, na kilichowafunga ni unga, si neno. Ni kweli kwamba bila unga neno lisingeshika. Ila unga peke yake hauelezi uchungu uliofuata malezi hayo yalipokoma. Mwajiri akivunja mkataba, anadaiwa fedha. Baba akiwatupa wanawe, ametenda dhambi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, na katika jina la kitabu hicho amewaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Sitiari iliyowatiisha wazee ndiyo iliyowapa watoto wao lugha ya kudai.

Jina hilo "wana wa Shaba" nalo ni taashira: madini yamesimama mahali pa nchi nzima na watu wake, kama jimbo lenyewe la Katanga lilivyoitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Mkulima wa mahindi hamo. Kisha kuna tafsida, neno laini linalofunika jambo gumu. Gécamines, mrithi wa Union Minière iliyotaifishwa mwaka 1967, iliwaondoa zaidi ya wafanyakazi 10,000 mwaka 2003, na mpango huo ukaitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa maoni yangu, hakuna tamathali iliyofanya kazi mbaya zaidi katika mji huu kuliko neno hilo "hiari".

Wengine husema basi tuachane na mafumbo, tuseme waziwazi. Lakini si kila zama zinaruhusu. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Rais Mobutu, wachoraji wa Lubumbashi akiwemo Tshibumba Kanda Matulu waliuza picha zilizoitwa "Colonie Belge", yaani Koloni la Ubelgiji: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa chikoti, mkoloni mweupe anatazama. Kwa juujuu ni ukumbusho wa zamani. Wanaozisoma kama istiara, yaani kisa kizima chenye maana ya pili, huona pia aliyeshika chikoti ni nani, na kwamba mzungu alipoondoka mchapaji alibaki. Watu walizitundika sebuleni, mbele ya wageni.

Leo kampuni mpya za madini zinapojiita washirika au familia ya wenyeji, msomaji aurudishe ule mwanya wa "kama": zinafanana na familia kwa lipi, na kwa lipi hazifanani? Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka zikubaliane kwa maandishi na jamii zinazozizunguka, na zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo yao. Dai kuyasoma maandishi hayo kabla hujakubali kuitwa mtoto wa mtu.