Je, Wajua? Shule ya Brussels isiyo Brussels

The British School of Brussels haiko Brussels. Iko Tervuren, mji mdogo wa wasema Kiholanzi nje kidogo ya jiji. Ilianzishwa mwaka 1969, miaka minne kabla Uingereza yenyewe haijajiunga na Jumuiya ya Ulaya. Watoto wa familia za kigeni, wengi wakiwa wapitaji tu, husoma mtaala wa Kiingereza hadi mitihani ya GCSE wakiwa na miaka 16, kisha huchagua njia ya kumalizia sekondari: A-Level, IB au BTEC. Lakini jirani wa shule hii ndiye kisa chenyewe: barabara hiyohiyo ina Makumbusho ya Afrika, zao la maonyesho ya mwaka 1897 ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kwa maonyesho hayo, Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji kutazamwa na umati. Saba walifia hapo.