Wanawake katika Uigizaji na Utayarishaji wa Filamu: Butembo na Beni

Neno mwongozaji halina jinsia. Msomaji wa Kiswahili akielezwa kwamba filamu imeongozwa na fulani, hajui kama huyo ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa, lugha ya shule na ofisi huko Butembo na Beni, katika Kivu Kaskazini, hakimwachi na shaka hiyo: kina réalisateur na réalisatrice. Wanande nao wana njia yao. Huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, wavulana mbali na wasichana mbali. Masika ni binti wa kwanza, Kambale ni mwana wa pili wa kiume. Hivyo jina hufichua kile ambacho nomino ya Kiswahili imekificha, ilimradi mhusika hajajichagulia jina la usanii.

Tumeanza na jambo hili la lugha kwa sababu linagusa swali zito: nani huhesabiwa kuwa amefanya kazi katika filamu? Mwigizaji wa kike huonekana, na sura yake hutambuliwa hata sokoni. Mtayarishaji, mhariri na mwandishi wa mswada hawaonekani. Mwanamke akishika mojawapo ya kazi hizo, jina lake ndilo ushahidi pekee.

Maigizo ya shule, ya parokia na ya redio hurekodiwa au huchezwa mchana, chini ya paa. Filamu hudai barabara, safari na mara nyingine usiku. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limeandamwa na mauaji ya raia, na mwezi Mei 2021 serikali iliziweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Mzazi anayemkataza bintiye kurudi saa tatu za usiku pamoja na kundi la wasanii hapaswi kuitwa mshamba; anahesabu hatari.

Kwingineko wanawake walipitia milango tofauti. Nchini Kenya, Anne Mungai aliongoza Saikati (1992) akiwa ameungwa mkono na chuo cha Kenya Institute of Mass Communication, penye kamera na mafundi. Dar es Salaam, Yvonne Cherrie, maarufu kwa jina la Monalisa, ni binti wa mwigizaji. Goma, Bernadette Vivuya alitokea katika uandishi wa habari. Mwaka 2022 yeye na Kagoma Twahirwa walitoa Stop Filming Us But Listen.

Butembo ina mlango wake, nao ni biashara. Wanawake wa mji huo wamezoea kufuata bidhaa Kampala na hata Dubai. Mtayarishaji naye, kabla ya kuwa msanii, ni mtu anayetafuta mtaji, anayesafirisha watu na vifaa, na anayejua hasara itaangukia wapi. Kwa maoni yetu, anayetafuta watayarishaji wa kike angeuliza sokoni kabla ya kuuliza jukwaani.

Mwanafunzi atakayezichunguza filamu za huko aandike majina kamili na kazi ya kila mmoja wahusika wakiwa bado wapo, kwani sehemu ya mwisho yenye majina huweza kukatwa nakala zinaporudufiwa. Jina la Masika peke yake halitamfikisha mbali. Mabinti wa kwanza Butembo ni wengi mno.