Vichezeo garini: Usalama huanzia sakafuni

Fungua mlango wa nyuma wa gari la familia yenye watoto wadogo hapa Ruiri siku ya Jumamosi, nawe utajua wiki yao ilivyokwenda. Chini ya kiti utakuta vizibo vya soda vilivyosalia baada ya mradi wa shule, karatasi ya manila iliyokunjika, soksi moja, chupa ya maji iliyojaa nusu, mwanasesere asiye na mkono, na gari la waya lililotengenezewa magurudumu kwa kandambili kuukuu. Juu ya vitu hivyo kuna maganda ya njugu na vumbi lililoingia na viatu. Nyuma kabisa, kwenye buti, kuna gunia la viazi linalosubiri kupelekwa Meru mjini au Isiolo.

Wazazi wengi huliona jambo hili kuwa la usafi tu. Gari likishachafuka, linapelekwa kwa vijana wanaoosha magari, linang'aa siku mbili, kisha mambo yanarudi yalivyokuwa. Mimi nasema suala hili ni la usalama wa mtoto kwanza, usafi baadaye. Mzazi akilielewa hivyo, atajua pia kitu gani kibaki garini, kitu gani kitoke, na kila kimoja kikae wapi.

Gari la familia katika wadi hii ya Ruiri/Rwarera, huku Buuri, halina kazi moja. Probox ileile inayopeleka watoto shule asubuhi ndiyo inayobeba mbolea, kabichi na kreti za nyanya, na Jumapili inampeleka nyanya wa watoto hao kanisani. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019. Mtoto hurudi nyumbani akiwa na orodha ya vifaa: maboksi, vizibo, chupa tupu, majani makavu, udongo wa kufinyangia. Vinavyotumika vinatumika, vinavyobaki vinabaki garini. Haba na haba, gari linageuka stoo.

Hatari ya kwanza iko katika mwendo. Gari linapogonga kitu na kusimama ghafla, kila kisichofungwa ndani yake huendelea kwenda kwa kasi ileile ambayo gari lilikuwa nayo. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha kisheria mijini na kwenye vituo vya biashara, kitu hicho hugonga kwa nguvu sawa na kilichodondoka kutoka urefu wa takriban mita 10. Ukienda kilomita 80, urefu huo unafika mita 25.

Hebu tupige hesabu kwa mizigo yetu wenyewe. Gari lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya nusu mita, kitu kilicho ndani husukuma mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inampiga mtu kwa uzito wa kilo 30. Gunia la viazi la kilo 50, kipimo kilichowekwa na kanuni za serikali za mwaka 2019, linasukuma kiti cha nyuma kwa nguvu ya tani nzima. Na kwenye kiti hicho ndiko watoto wamekaa.

Hatari ya pili haingoji ajali, kwani yenyewe ndiyo huileta. Chupa ikibingirika kutoka nyuma, ikapita chini ya kiti cha dereva na kukwama nyuma ya pedali ya breki, dereva atakanyaga na pedali haitashuka. Mpira mdogo, kiatu cha mtoto au kopo la maziwa hufanya vivyo hivyo. Anayesafiri kwa barabara ya Meru kwenda Embu anaujua mteremko wa kuingilia daraja la Nithi. Pale si mahali pa kuinama kutafuta kilichokwama miguuni. Ndiyo maana nasema eneo la miguu ya dereva lisiwe na kitu chochote kamwe: si mfuko, si viatu vya kubadilisha, si kichezeo. Hata zulia la mpira lililo hapo liwe limeshikamana na sakafu, lisiteleze kuelekea kwenye pedali.

Hatari ya tatu ni macho ya dereva. Mtoto akiangusha mwanasesere wake huanza kulia, na mzazi hugeuka nyuma kumwokotea. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili za kugeuka ni mita 44 za barabara ambazo hakuna aliyeziangalia. Huku kwetu mita hizo zinatosha kukutana na ng'ombe, punda wa kubeba maji au bodaboda inayojiunga na barabara kuu. Kilichoanguka na kibaki kilipoanguka hadi gari lisimame mahali salama, na mtoto azoee kanuni hiyo tangu mdogo.

Je, tuviondoe vichezeo vyote? La. Mtoto aliye na cha kushika mikononi hutulia, na utulivu wake humsaidia dereva. Kinachotakiwa ni kuchagua. Viwili au vitatu kwa kila mtoto vinatosha kwa safari, na viwe vyepesi na laini: mwanasesere wa kitambaa, mpira wa matambara, kitabu chembamba cha picha. Wiki inayofuata vibadilishwe na vingine vilivyokaa nyumbani, navyo vitapokelewa kama vipya. Gari la waya, ambalo watoto wetu hulitengeneza kwa ustadi mkubwa na ambalo lastahili heshima yake, lina ncha za kuchoma jicho. Lisafiri kwenye buti, likiwa limefungwa.

Kwa wenye watoto wa chini ya miaka mitatu, kuna kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wa vichezeo: kitu kinachoingia kwenye mrija wenye upana wa takriban sentimita 3.2 kinaweza kumkaba mtoto. Kizibo cha plastiki cha chupa ya soda hupita hapo. Njugu karanga na peremende ngumu pia hupita, na gari linalorukaruka kwenye matuta si mahali pa kumlisha mtoto vitu hivyo. Hofu kubwa zaidi ni betri ndogo za duara zilizo ndani ya vichezeo vya kuwaka taa na kulia muziki. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Kagua kifuniko cha betri. Kama hakina skrubu, kichezeo hicho kisipande gari. Na ukishuku kwamba betri imemezwa, nenda hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Mahali pa kuweka vichezeo vilivyochaguliwa hapahitaji gharama. Kiondo cha mkonge, ambacho mama zetu wa Meru na Embu hawajaacha kukisuka, kinafaa sana: hakivunjiki, hakina kona kali, na mishipi yake inafungika kwenye nguzo za kiegemeza kichwa cha kiti cha mbele. Kining'inie kwa kimo ambacho mtoto aliyefungwa mkanda anakifikia bila kuinuka. Kila mtoto awe na chake, ili ugomvi upungue na kila mmoja ajue wajibu wake. Kwa taka, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hivyo shona mfuko wa kitambaa, uutundike nyuma ya kiti, na uukung'ute kila jioni.

Vifaa vya CBC navyo vipewe boksi moja lenye kifuniko, likae chini kabisa kwenye buti, na lishuke gari linapofika nyumbani. Mizigo ya shamba ilazwe sakafuni mwa buti, ikiegemea migongo ya viti vilivyofungwa imara, na isipande juu ya migongo hiyo. Kama viti vya nyuma vimelazwa ili kupata nafasi ya magunia, basi safari hiyo ni ya magunia. Mtoto asiketishwe juu ya mzigo wala kupakatwa mbele.

Jua pia lina neno lake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha mwaka 2005 kwamba joto ndani ya gari lililofungwa juani huongezeka kwa takriban nyuzi 22 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua vioo kidogo hakukusaidia sana. Kwenye jua la Isiolo, kalamu za nta zitayeyuka kitini, maziwa yataharibika kwenye chupa, na kichezeo cha chuma kitamchoma mtoto. Lililo zito zaidi ni kwamba mtoto mwenyewe asiachwe ndani, hata kama unakwenda kununua mkate tu.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29, na hapa Kenya tumekuwa tukiwazika zaidi ya watu 4,000 wa ajali hizo kila mwaka. Hatuwezi kuwatawala madereva wote wa barabara ya Meru na Isiolo. Lakini ndani ya gari letu tuna mamlaka kamili. Kabla ya kuwasha injini, mtoto afungwe mkanda, vichezeo viwe ndani ya kiondo, na dereva atazame miguuni pake. Gari likifika nyumbani, kila mmoja ashuke na chake. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na mtoto wa miaka minne anaiweza akielekezwa kwa upole. Akiizoea akiwa Ruiri, ataendelea nayo siku atakapoushika usukani yeye mwenyewe.